Pikapu inachechemea, fundi anabadilisha spea kama anayecheza karata!

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, leo acha niseme.

Pikapu yangu ni ya dizeli, ina tabo, ile feni inayosukumia injini hewa. Nikipanda mlima na mzigo, ghafla taa ya injini inawaka na nguvu inakatika kama mtu kafunga koki. Nakanyaga mafuta mpaka chini, mshale haupiti mizunguko 2,500 kwa dakika. Malori ya mchanga yananipita, dereva ananipungia na mkono! Naegesha, nazima, nawasha, gari linaondoka kama halijawahi kuumwa. Mlima unaofuata, yale yale.

Hiyo ndiyo limpu modi, na kila niliyemuuliza aliitaja kama jina la ugonjwa. Si ugonjwa jamani! Kompyuta ya injini imeona kipimo kisichoingia akilini, ikaamua kubana nguvu ili usiue injini, ujikongoje mpaka kwa fundi. Ukizima na kuwasha inakagua upya. Kama kasoro haionekani dakika hiyo, inakurudishia nguvu zako. Kupona hakuna hapo.

Sasa fundi. Akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ukatoka msimbo wa kosa, P0299. Akaifuta, akaniambia "tayari bosi". Tayari nini? Ukifuta msimbo unafuta na kumbukumbu ya wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, mizunguko, mzigo wa injini. Hiyo ndiyo ingetuambia kwamba tatizo linakuja mlimani tu. Sikumaliza kilomita 20, taa ikarudi. Nikarudi na mimi. Akabadilisha sensa ya hewa. Ikarudi. Akashika kiuno, akatikisa kichwa, akasema "tabo imekufa hiyo".

Nikanunua tabo, Mungu anisamehe. Ikafungwa. Mlima ule ule, taa ile ile, P0299 ile ile.

P0299 inasema kitu kimoja tu: presha ya hewa ya tabo ni ndogo kuliko ile kompyuta iliyoagiza. Imepotelea wapi, haisemi. Huenda tabo yenyewe, huenda kampira ka vakyumu kanakoiongoza tabo, kembamba kama mrija wa soda, kamepasuka, huenda hewa inavuja njiani. Anayejua kazi anaanza na kinachovuja, kwa sababu kukiangalia ni bure.

Jumapili nikatandika boksi, nikalala chini ya gari mwenyewe. Mpira mkubwa wa intakula (kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo), upande wa chini usioonekana ukisimama, umelowa oili na vumbi limegandia. Nikapangusa. Mchaniko wa urefu wa kidole gumba! Gari likiunguruma pale gereji bila mzigo, presha ni ndogo, mpira unajifumba, husikii kitu. Ukipanda mlima mpira unavimba, mchaniko unafunguka mdomo, hewa yote inatoka nje. Na ule moshi mweusi niliokuwa nikiuona kwenye kioo, na ule mluzi wa "fshhh", nilimwambia fundi mara mbili. Akanijibu dizeli zote ndivyo zilivyo.

Hakuwahi hata kulijaribu barabarani huku mashine imechomekwa, alinganishe presha inayotakiwa na inayopatikana. Hata kupaka maji ya sabuni kwenye viungo hakuna.

Kwa wengine wenye shida hii: soma msimbo, uandike mahali KABLA mtu hajaufuta. Ukikuta P0087, presha ya dizeli iko chini, anza na filta ya dizeli kabla mtu hajakutajia pampu. P2463, kichujio cha masizi kwenye ekzosi kimejaa, mara nyingi kwa gari la safari fupi fupi. P0700 kwenye otomatiki maana yake giaboksi ina msimbo wake wa pembeni, na mashine za bei rahisi nyingi haziusomi, kwa hiyo usikubali giaboksi ishushwe kwa P0700 peke yake. Betri iliyochoka na waya wa ethi (unaounganisha betri na bodi) wenye kutu navyo vinaweza kuvuruga sensa. Ila ikiwaka taa nyekundu ya oili au joto likipanda, hapo hakuna cha kujikongoja, zima hapo hapo.

Nimefunga mpira mpya na klempu mbili. Mlima ule nimeupanda na mzigo kamili, kimya. Nikaenda kumdai tabo yangu ya zamani, maana imejulikana haikuwa na kosa. Ananiambia aliiuza chuma chakavu. Tabo nzima! Siku hiyo hiyo aliyoitoa!

Kuna aliyewahi kudai spea yake ya zamani akaipata? Alianzia wapi?