Kerneli inakufa kimya: adapta ya USB, kompyuta yenye COM au netconsole?

Dogo_Makorora: Wakuu, heshima kwenu. Kerneli (kiini cha Linux) niliyokompaili mwenyewe inazingua, skrini nyeusi tii. Mjomba kesho yuko Kariakoo, nataka nimtume kifaa cha kusomea ujumbe wake kabla haijafa. Achukue adapta ya USB ya siriali, au kompyuta kuukuu ya mezani yenye mlango wa COM, ile siriali ya zamani? Au nisinunue kitu, nitumie netconsole?

Fundi_Ngamiani: Skrini ya nini? Laptopu, bodi, simu? Unaongea kama vile sote tumekaa mezani kwako.

Dada_Pongwe: Netconsole sahau. Ile hutuma ujumbe wa kerneli kupitia mtandao, kwa UDP, na kadi ya mtandao haiamki mpaka dreva yake ianze kazi. Wewe unakufa kabla ya hapo. Weka earlycon kwenye mstari wa amri wa kerneli: inaandika moja kwa moja kwenye rejista za UART (chipu ya siriali), haisubiri konsoli ya kawaida. Adapta inatosha.

Mzee_COM1: Vijana na vijiti vyenu vya USB. COM1, anwani 0x3f8, kwenye mstari wa amri earlyprintk=serial,ttyS0,115200, basi. Haijawahi kuniangusha.

Dada_Pongwe: Shikamoo mzee. COM hiyo ni RS-232, volti zake zinaweza kufika 12, chanya na hasi. Akiichomeka kwenye pini za bodi (kompyuta ndogo kama Raspberry Pi) anaiunguza.

Mzee_COM1: Marahaba. Kwani kasema ni bodi?

Baharia_Pangani: Adapta nazo zina mambo. Kuna duka liliniuzia moja yenye kibandiko cha 3.3V. Nikaiunga kwenye Raspberry Pi: pini 8 kwenda RX (ya kupokea) ya adapta, pini 10 kwenda TX (ya kutuma) yake, pini 6 GND, waya wa 5V sikuugusa. Mwanzoni safi. Baadaye maandishi yanakuja, lakini nikibonyeza kibodi hakifiki kitu, hata kuisimamisha U-Boot (programu inayoipakia kerneli) siwezi. Nikailaumu U-Boot, nikaikompaili upya, nikabadili nyaya, nikabadili na programu ya kusomea siriali, nikatoka minicom nikahamia picocom. Wapi! Fundi redio mmoja wa Barabara ya 10 akaweka mita kwenye TX ya adapta: karibu volti 5, si 3.3 ya kibandiko. Pini ya kupokea ya Pi imeshakufa, ya kutuma nzima, ndiyo maana nilikuwa nasoma tu. Dukani wakanionyesha ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Fundi_Ngamiani: Minicom nayo usiisingizie wala usiiamini. Hardware flow control (kusubiri ruhusa kwa waya za ziada kabla ya kutuma) imewashwa toka kiwandani. Usipoizima unaandika hewani.

Baharia_Pangani: Ndiyo maana nasema picocom.

Dogo_Makorora: Samahani wakuu, ni Pi 4. Kwenye QEMU (programu ya kuigiza kompyuta) inawaka vizuri.

Fundi_Ngamiani: Hilo ndilo la kuanza nalo! Weka enable_uart=1 kwenye config.txt, halafu kwenye mstari wa amri earlycon=uart8250,mmio32,0xfe215040. Ongeza keep_bootcon, la sivyo konsoli ya mapema inazimwa ile ya kweli ikishika zamu.

Dada_Pongwe: QEMU mashine gani, virt au raspi4b? Virt haina chipu za Pi, kuwaka kwake hakukwambii kitu.

Dogo_Makorora: Sijui dada, nilinakili amri mahali.

Mzee_COM1: Baharia, mita ya huyo fundi redio ni ya sindano?

Baharia_Pangani: Ya namba, mzee.

Mzee_COM1: Basi kapime tena.