Ubingwa bobezi wa tiba radiolojia: niende Muhimbili au nitafute feloshipu nje?

DaktariWaSoweto (Moshi)

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionitangulia kwenye fani.

Nipo Moshi, namalizia MMed (shahada ya ubingwa) ya radiolojia. Kilichonivuta kwenye tiba radiolojia, yaani kutibu kwa sindano, waya na neli huku ukiongozwa na picha, ni miguu. Kila nikipita wodi ya upasuaji namkuta mzee wa Rombo au mama wa Same, kisukari cha muda mrefu, kidole kimeshakuwa cheusi, na mjadala ni kukata chini ya goti au juu yake. Mimi kazi yangu inaishia kuandika kwenye ripoti ya Dopla (ultrasaundi ya mtiririko wa damu) kwamba damu haifiki, basi.

Wakati huo huo nasoma kwamba daktari wa radiolojia Charles Dotter, kule Portland, Marekani, Januari 1964 alizibua mshipa wa paja wa bibi wa miaka 82 aliyegoma kukatwa mguu. Alitumia waya na neli tu, na bibi akatembea.

Sasa kila mtu ana ushauri wake. Kuna anayesema feloshipu (mafunzo ya vitendo baada ya ubingwa) ya mwaka mmoja Marekani, mwingine India, mwingine Muhimbili. Mwajiri wangu ni serikali, nina mke na mtoto mdogo, na akiba ni ya kubangaiza. Ningekuwa mdogo wenu, mngenituma wapi?

Bingwa_Upanga

Marahaba, dokta. Mimi ni mtoto wa Machame niliyehamia Dar kwa sababu ya fani hii hii, kwa hiyo nitakujibu kama mdogo wangu kweli.

Marekani iondoe kwanza. Hiyo feloshipu ya mwaka mmoja ya mishipa na tiba radiolojia ilikoma 2020, ikageuzwa kuwa rezidensi, yaani mafunzo marefu zaidi ya ubingwa. Na hata zamani, bila mitihani ya udaktari ya Marekani (USMLE) na leseni ulikuwa unaishia nyuma ya kioo ukiangalia wenzako wanavyofanya. Kanada bado zipo na mgeni anaweza kushika sindano, ila wengi wanaotoka nje wamelipiwa na serikali zao. India kuna DM, shahada ya ubingwa bobezi ya miaka mitatu, na pia FNB, feloshipu ya bodi yao ya mitihani, na wagonjwa ni wengi mno. Ukienda huko, kabla hujalipa ada ya mtu yeyote, pata jibu kwa maandishi: nitafanya mwenyewe au nitasaidia? Na kibali cha muda cha baraza lao la madaktari kitashughulikiwa na nani?

Mimi ningekutuma MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Shahada ya uzamili ya tiba radiolojia, miaka miwili juu ya MMed, ilianza 2019 kwa ushirikiano na Road2IR, mradi wa kimataifa wa kufundisha tiba radiolojia. Kabla ya hapo nchi hii haikuwa na pa kujifunzia. Walimu kutoka nje wanakuja kwa zamu, kila timu inakaa kama wiki mbili, na daktari haji peke yake: anakuja na muuguzi na mtaalamu wa mionzi. Hilo usilichukulie poa. Ukisoma mwenyewe ukarudi kwenye chumba ambacho hakuna anayejua waya upi akupe, utakaa unatazamana nao.

Sasa hilo la miguu. Nakwambia mapema usije ukavunjika moyo: utaenda kwa ajili ya miguu, utajikuta unatoboa figo. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi, uvimbe umebana mirija yote miwili ya mkojo, figo zimejaa, kreatinini (kipimo cha figo) inapanda, na watu wa saratani hawathubutu kumpa sisplatini, dawa ya saratani inayoumiza figo. Unamlaza kifudifudi, unampiga ganzi ubavuni kwa nyuma. Kwa ultrasaundi unatafuta kikombe cha chini cha figo (mkojo unapokusanyikia), kile kinachotazama mgongoni, maana ukipita upande ule mishipa mikubwa ya damu unaikwepa. Sindano inaingia, unachomoa kiini chake, mkojo unadondoka. Hapo unapitisha waya, kisha vitanuzi, kisha neli yenye mkia unaojikunja ndani isichomoke. Unaunga mfuko. Mara nyingine hujamaliza hata kuvua glavu, mfuko umeshaanza kujaa.

Hiyo, pamoja na majipu ya ini, nyongo iliyoziba na kuchukua vinyama vya kupima, ndiyo mkate wa kila siku. Kwa ultrasaundi nzuri na fluroskopi ya kawaida (eksirei ya picha zinazotembea) unafanya huko huko Kaskazini. Mishipa ya chini ya goti ya mgonjwa wa kisukari ni habari nyingine. Ni myembamba, imejaa chokaa, inakula nyaya na maputo ya kutanulia mshipa, na kila puto limetengenezwa litumike mara moja. Kabla hujajaza fomu yoyote, kaa na Mganga Mfawidhi wako umuulize vifaa hivyo vitatoka fungu gani.

Mionzi_Njiro (Arusha)

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa mionzi. Asante Bingwa kwa kututaja, mara nyingi tunasahaulika.

Dokta, umezoea kusoma picha ofisini. Huko unakokwenda utasimama karibu kabisa na mgonjwa huku mionzi inapigwa, kwa hiyo jifunze kukagua aproni za kujikinga na mionzi. Hospitali moja niliyopitia walikuwa wanazikunja kama vitenge na kuzirundika kabatini. Madini ya risasi ya ndani yake yakikunjwa hivyo yanapasuka, kwa nje huoni kitu. Tulizipitisha kwenye fluroskopi, nyufa zikajionyesha, na moja ilikuwa na ufa usawa wa kifua. Zitundikwe!

Na kipima mionzi kivae. Tume ya Nguvu za Atomiki wanakisoma hapa hapa kwetu Njiro. Nawajua madaktari wanaokiacha kwenye droo ili kisome kidogo wasije wakasimamishwa kazi. Sasa hapo unamdanganya nani?

Mbishi_wa_Kibosho

Mnamrudisha nyuma kijana. Wenye hela zao wanapanda ndege kwenda India kwa sababu hapa hatuna majina. Aende nje, arudi na jina.

Bingwa_Upanga

Mbishi, jina halizibui nyongo. Akishaiva nyumbani, aende nje miezi michache kwa kitu kimoja anachokitaka, hata hiyo miguu yake. Atakuwa anajua anachouliza.

DaktariWaSoweto (Moshi)

Nimewaelewa, nashukuru sana. Dada wa Njiro, kesho naanzia kwenye aproni zetu. Bingwa, mawili ya mwisho: ada inalipwa na nani, na kuna cha kuanza nacho sasa hivi?

Bingwa_Upanga

Wizara ya Afya ina ufadhili wa ubingwa na ubingwa bobezi, ule wenye jina la Rais Samia. Fuatilia tangazo lake.

Cha kuanza nacho ni sindano. Kila mgonjwa wa kunyonywa usaha au kuchukuliwa kinyama kwa ultrasaundi, omba ufanye wewe chini ya bosi wako. Andika kwenye daftari: tarehe, kazi gani, ulifanya au ulisaidia, nini kiliharibika. Ukija kutaka mtihani wa tiba radiolojia wa Ulaya, ule wa EBIR, watakudai rekodi za namna hiyo.

Barua ya ruhusa ya mwajiri iombe sasa. Ada unaweza kuchangiwa na ukoo, barua ikikwama Utumishi hakuna wa kukusaidia.