Mzee anakoroma mpaka pumzi inakata, hii mashine inasaidia mishipa ya damu kweli?

binti_wa_mzee: Habari zenu wadau. Baba ana miaka 61, presha haishuki na anameza dawa aina tatu, usiku anakoroma halafu ghafla kimyaa, mpaka unaogopa, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Amepimwa usingizi, pumzi inakata mara 38 kwa saa, kapewa mashine ya CPAP ile ya kusukuma hewa kwa maski. Shida anaivaa masaa mawili anaivua, eti inamkausha koo. Kama ni ya kukoroma tu nimwache alale zake, au inagusa na mishipa?

pumzi_ndefu: Pole dada, usimwache. Pumzi ikikata oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, adrenalini inamwagika, mishipa inabana na presha inaruka, sasa piga hesabu mara 38 kila saa usiku kucha wakati ndo mishipa ilitakiwa ipumzike. Ule utando wa ndani ya mshipa unaumia, unatoa naitriki oksaidi kidogo, na hiyo ndo inayofanya mshipa utanuke.

mdau_wa_pwani: Mbona utafiti wa SAVE wa 2016, watu zaidi ya 2,700 wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi, mashine haikupunguza hayo matatizo?

pumzi_ndefu: Ni kweli mkuu, ila wale waliivaa wastani wa masaa 3.3 tu kwa usiku, kama huyu mzee. Kule Uswisi waliozoea mashine walinyimwa wiki mbili tu, presha ya asubuhi ikapanda na mishipa ikapunguza kutanuka. Na Hispania 2013 walichukua watu kama baba yake kabisa, wanaomeza dawa tatu au zaidi na presha imegoma, baada ya wiki 12 ikashuka kama pointi 3, na waliovaa masaa mengi ilishuka zaidi. Sio muujiza, kwa hiyo dawa asiache. Koo kukauka angalieni kama mashine ina kichombo cha maji cha kulainisha hewa, na maski kama haivuji. Mume wangu alianza kuivaa mchana akiangalia taarifa ya habari, akazoea.

binti_wa_mzee: Jamani asanteni sana. Nimeenda kuangalia sasa hivi, kichombo kipo, tangu tuilete nyumbani hakijawahi kutiwa maji.