Kuogelea na pomboo Kizimkazi: kupigwe marufuku au kuwekewe utaratibu?

Upepo wa Menai: Mgeni akifika Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hupakiwa botini asubuhi, na pomboo wakiibuka tu anaambiwa "ruka!" Naona kuogelea huku kukome, watazamwe kutoka botini. Pomboo hulala nusu ubongo, nusu ya pili ikikesha ili apande kuvuta pumzi. Ukiona kundi limebanana, linakwenda taratibu, linazama na kuibuka kwa pamoja, limepumzika hilo. Boti zikilikata njia, mapumziko yamekwisha. Anayeumia zaidi ni mama: mtoto hunyonya kwa vipindi vifupi sana, na mama akianza kukimbia, titi linamponyoka mtoto. Bahari yetu hii ni hifadhi ya Ghuba ya Menai tangu 1997, ya nini basi?

Nahodha wa Dimbani: Ndugu yangu, hadi miaka ya 1990 pomboo hapa alivuliwa akawa chambo cha papa. Aliyemwokoa ni mgeni. Ukifuta kuogelea, mgeni huyo atakwenda kwingine na fedha yake. Kinachoharibu ni namna. Boti iende sambamba na kundi, ubavuni, isitokee mbele wala nyuma. Zikibaki kama mita 50, gia iwe huru. Mgeni akae ukingoni, atangulize miguu, ateleze kimya. Akiruka kwa kishindo, kundi linazama na kuibukia mbali, nahodha anawasha injini kulifukuza, mgeni anaruka tena, na mbio haziishi. Boti mbili tu kwa kundi, nusu saa, kisha zamu ya wengine.

Bi Mwani: Utaratibu mzuri, lakini boti ya tatu yenye wageni waliokwisha kulipa haitangoja zamu. Mzizi ni bakshishi: nahodha hutuzwa kadiri alivyomsogeza mgeni kwa pomboo. Mgeni auziwe safari ya bahari, asiuziwe pomboo. Nauli iwe na kutazama matumbawe, kisha msikiti wa kale wa hapa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Avae nguo ya heshima na viatu avue mlangoni. Asipoona pomboo, hajadhulumiwa. Na kusi linapochafua bahari, Juni hadi Agosti, asishuke mtu majini. Wimbi dogo tu linaficha kichwa cha muogeleaji, na rafadha, panga la injini ya boti, haina macho.

Upepo wa Menai: Hilo la nauli naliunga mkono, Bi Mwani. Lakini kundi lenye kichanga lisishukiwe kamwe. Utamjua: mdogo, amegandamana na mama, ubavuni ana michirizi myeupe ya mikunjo aliyozaliwa nayo. Na hata kundi la wakubwa, wakipiga maji kwa mkia, wakikawia chini au wakigeuza njia kila boti inaposogea, nahodha aondoke hapo hapo, hata kama nusu saa haijatimia.

Nahodha wa Dimbani: La kichanga nimekubali, na la mkia pia. Marufuku ya jumla bado siiafiki.