Poda ya chokaa kwa plastiki: ndiyo inavunja stuli zetu?

fundi_kario: Wasee habari zenu. Tunatengeneza stuli za polipropilini, ile plastiki ya viti, huku Kariobangi, sasa mkubwa ameleta poda ya chokaa tuchanganye na plastiki ya risaiko gharama ishuke, anasema ni asilimia 5 tu. Stuli zimekuwa ngumu kweli, ukikalia haziyumbi, lakini angusha moja kwa simiti mguu unakatika paap! Na pale pamevunjika naona vidoa vyeupe, vingine vinatoshana na mbegu ya sukuma. Shida ni poda ama?

mama_moldi: Hivyo vidoa ni poda imeshikana madonge, mashini haikuitawanya. Ufa unaanzia hapo kwa donge, kwa sababu ndani yake hakuna plastiki ya kulishikilia. Chembe zikiwa ndogo, maikroni moja hivi (milimita moja ukiigawa mara elfu), na zimetawanyika poa, mambo ni mengine kabisa: ukigonga, kila chembe inabanduka inaacha kashimo, ile plastiki imebaki katikati ya vishimo inapata nafasi ya kuvutika kabla ikatike, na nguvu ya kile kipigo inaishia kwa huko kuvutika. Pinda kipande polepole. Kikigeuka cheupe kwa mkunjo, vishimo vinafunguka.

otis_kyusii: Hiyo ya weupe usiiamini sana, kuna polipropilini zenye mpira ndani zinageuka nyeupe hata bila poda. Uliza kwanza ni poda gani. Chokaa ya hadwea ya kupaka ukuta siyo, unataka kalsiamu kaboneti iliyopakwa asidi ya steariki ndio isishikane. Halafu tupa kipande kwa maji. Ukichukua uzito wa maji kuwa 1, polipropilini ya ujazo huo huo ni kama 0.9, kaboneti 2.7, kwa hivyo poda ikiwa asilimia 5 ya uzito kipande bado kinaelea, ikifika 20 kinazama.

Wambo: Lawama yote isiende kwa poda. Risaiko ikishayeyushwa mara nyingi minyororo yake ya molekuli inakatika inakuwa mifupi, so hata vishimo vikifunguka hakuna kitu ya kuvutika, na hapo poda inazidisha tu. Na mguu unakatikia wapi? Kama ni kwa kona kali pale unaungana na kiti, chonga moldi iwe mviringo, ni kazi ya siku moja kwa fundi wa lethi.

fundi_kario: Ni kwa kona, kila saa. Na kipande kimezama mpaka chini ya ndoo 😂 asilimia 5 my foot, wacha niende ofisi niulize vizuri.