Mshipa wa utumbo ukiziba: mbona panya wanapona kwa kila dawa na binadamu bado ni kisu?

Mdadisi_Tumbo

Wakuu salama? Nasoma shahada ya pili ya fiziolojia, supavaiza kanikabidhi mada ya mishipa ya damu inayolisha utumbo, wiki hii nasoma makala hadi macho yanatoa machozi na kuna mambo mawili yamegoma kabisa kuingia kichwani, nikaona nije huku kwa wenye uzoefu.

La kwanza, utumbo una ateri tatu kubwa zinazochomoka kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Ya juu inahudumia mfuko wa chakula, ini, bandama na huko, ya kati ndo imebeba karibu utumbo mwembamba wote na zaidi ya nusu ya utumbo mpana, ya chini inamalizia hadi juu ya rektamu, na zote zimeunganishwa kwa njia za pembeni. Damu inayoenda huko pia sio ya mchezo, mtu akiwa amepumzika ni kama asilimia 20 hadi 25 ya yote inayotoka moyoni na akishakula inapanda tena. Sasa kitabu kinaniambia utumbo unaweza kuvumilia damu ipungue hata kwa robo tatu mpaka masaa 12 bila madhara makubwa, halafu nafungua ukurasa wa pili wanasema ateri ya kati ikiziba kabisa kwa ghafla, ndani ya masaa 6 hivi utumbo umeshaoza, na karibu nusu ya wagonjwa au zaidi wanakufa. Hizo njia za pembeni zilikuwa wapi siku hiyo?

La pili ndo linaniumiza zaidi, panya. Kila makala ninayoshika ya panya wa maabara waliozibwa mshipa wa utumbo, dawa imefanya kazi. Allopurinol imekinga utumbo, vitamini E imekinga, melatonini imekinga, nikafika mahali nikawa najua jibu kabla sijafika kwenye matokeo. Ukienda kwenye miongozo ya kutibu watu unakuta CT skani ya mishipa, heparini ya kuzuia damu kuganda, antibiotiki, maji ya mshipani, fungua mshipa au kata utumbo. Basi. Yale ya panya yameishia wapi?

Kisu_Baridi

Karibu mkuu. Mimi ni wa upande wa upasuaji, nijibu la kwanza, la panya nawaachia wenye panya wao.

Njia za pembeni zipo ila zipo shinani, matawini hakuna kitu. Ateri ya kati inaungana na ya juu kwa mishipa inayozunguka kichwa cha kongosho, na inaungana na ya chini kwa mshipa unaotembea sambamba na utumbo mpana, ule wa Drummond. Kwa hiyo mshipa ukizibia mdomoni pale unapotoka kwenye aota, tena ukaziba taratibu kwa miaka kwa ajili ya mafuta na sigara, hizo njia zinapata muda wa kupanuka na unaweza kumkuta mtu mishipa miwili kati ya mitatu imeziba na anatembea zake. Bonge la damu linalotoka moyoni ni habari nyingine, na wengi wao ni watu ambao moyo unapiga bila mpangilio. Lile halikai mdomoni, linasafiri na kukwama kama sentimita 3 hadi 10 mbele, pale mshipa unapoanza kuwa mwembamba, mara nyingi ukiwa umeshatoa tawi la kwenda utumbo mpana, na mbele ya hapo vile vijimshipa vya mwisho vilivyonyooka kuingia kwenye ukuta wa utumbo havisaidiani sana. Ndo maana ukifungua tumbo unakuta kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba kina rangi nzuri kabisa, utumbo mpana unaokatiza katikati nao mzima, halafu vyote vilivyopo kati ya hapo ni kijivu, vimelala, havichezi.

Kuhusu ile robo tatu, damu ikipungua utumbo unafanya mambo mawili, unafungua kapilari (vile vijimshipa vyembamba kabisa) zilizokuwa zimefungwa na unanyonya oksijeni nyingi zaidi kwenye ile damu kidogo inayofika. Ikifika sifuri hakuna cha kunyonya, hesabu inakuwa nyingine kabisa, kwa hiyo kitabu chako hakijajipinga.

Na kuna jambo ambalo vitabu vingi vinalipitia juu juu, mshipa wenyewe unajikaza. Damu ikikosekana kwa masaa kadhaa, ile mishipa midogo inabana na inaweza kuendelea kubana hata baada ya bonge kutolewa. Kundi la Boley kule Marekani ndo walilivalia njuga hilo, wakawa wanapitisha papaverini, dawa ya kulegeza mishipa, kwa katheta (mpira mwembamba) moja kwa moja kwenye ateri ya kati, na ripoti yao ya 1977 ilionyesha vifo vimeshuka ukilinganisha na ilivyokuwa zamani. Kabla ya hapo kwa wagonjwa wengi mambo yalikuwa kata utumbo na uombe Mungu, ingawa wapo waliojaribu kutoa bonge. Klass alitoa bonge kwenye ateri hiyo mwaka 1951, na ilipofika 1957 Shaw na Rutledge wakaripoti mgonjwa aliyetolewa bonge akapona bila kukatwa utumbo hata kidogo.

Tukishafungua tumbo mkono wa kwanza unaenda kwenye mzizi wa mesenteri, ule utando unaoshikilia utumbo na kubeba mishipa yake, unabana kwa vidole unatafuta mapigo. Unaweza ukayasikia yanapiga vizuri kabisa, unasogea mbele kidogo, kimya. Hapo ndo penyewe. Tunachana mshipa, tunaingiza katheta yenye puto, tunaivuta polepole na bonge linatoka nalo, damu ikiruka nyuma yake theatre nzima inapumua. Halafu hatukati haraka! Utumbo unafunikwa kwa vitambaa vya maji ya vuguvugu na tunasubiri kama robo saa hadi nusu saa tuone nani anarudisha rangi na nani anaanza kucheza akiguswa. Kinachobaki cheusi kinatoka, kinachotia shaka kinaachwa na tunarudi kukitazama baada ya masaa 24 hadi 48.

Panya_Mweupe

Nimeitwa nimekuja 😄 Mimi nimekaa maabara za hawa wanyama muda mrefu kwa hiyo sitawatetea sana.

Mdadisi, rudi kwenye makala zako uangalie kitu kimoja tu, dawa imetolewa saa ngapi. Nyingi utakuta imeandikwa "kabla ya kubana", ama nusu saa kabla, ama siku kadhaa kabla panya anapewa kwa mdomo. Yaani panya amelazwa nusukaputi, dawa ipo tayari kwenye damu, ndo anachanwa tumbo na kibanio kidogo kinawekwa kwenye ateri ya kati, mara nyingi kwa dakika 30 hadi 60, kinatolewa, na baada ya muda unakata kipande cha utumbo unapeleka kwenye hadubini. Sasa niambie ni mgonjwa gani anakuja kupewa dawa nusu saa kabla bonge halijamtoka moyoni? Huyu wa kwetu binadamu ameanza kuumwa usiku, akadhani ni gesi, akanywa kitu akalala, asubuhi akapelekwa, akapimwa hiki na kile, mpaka mtu afikirie mshipa masaa yameshaenda. Tena ni mzee, moyo mbovu, figo nazo zina lake, wakati panya wetu ni kijana wa wiki chache hajawahi kuumwa hata mafua.

Ila usizidharau hizo kazi maana mengi tunayoyajua yametoka humo. Mwaka 1981 Granger na wenzake walitumia paka wakaonyesha kwamba sehemu ya uharibifu inatokana na zile molekuli kali za oksijeni zinazotengenezwa damu ikisharudi, na 1986 Parks na Granger wakaja na jaribio ninalolipenda sana mpaka leo kwa sababu ni jepesi mno. Kundi moja damu imezuiwa masaa 4 mfululizo, kundi lingine imezuiwa masaa 3 halafu imeachiwa lisaa limoja. Muda wote ni ule ule. Waliorudishiwa damu ndo walikuwa na vidonda vibaya zaidi kwenye utando wa ndani! Hapo ndo allopurinol ilipoingia, inazuia kimeng'enya kinachotengeneza hizo molekuli, na kila mtu akakimbilia kwenye kukinga.

Mahali kidonda kinapoanzia pia utapaona vizuri kwa wanyama. Chini ya hadubini ni vile vijidole vidogo vya ndani ya utumbo, na ncha ndo inayoanza kufa. Ateri ndogo inayopanda kwenye kijidole imepakana na vena zinazoshuka, oksijeni inavuka njiani kabla haijafika juu, kwa hiyo ncha inaishi kwa makombo hata siku za kawaida. Damu ikipungua ngozi ya ncha inanyanyuka kama lengelenge, halafu inachubuka kuelekea chini, mpaka kijidole chote kinabaki uchi. Alama za Chiu za 1970, sifuri hadi tano, zinapima safari hiyo hiyo na utazikuta karibu kila makala uliyotaja.

Mdadisi_Tumbo

Dah nimerudi kwenye makala nimeangalia, nyingi kweli dawa imetangulia, sikuwa naangalia kabisa huko. Sasa kama tatizo ni kuchelewa, mbona hakuna kipimo cha damu cha kuwahi? Laktati, ile asidi inayotoka seli zikikosa oksijeni, si inapanda?

Kisu_Baridi

Laktati inapanda ila inapanda kwa kuchelewa. Damu yote ya utumbo inapita kwenye ini kwanza na ini linaisafisha laktati vizuri tu, kwa hiyo ikianza kuwa juu kwenye damu ya mkononi ujue mara nyingi utumbo umeshaanza kufa. Laktati ya kawaida isikudanganye hata siku moja, nimeona watu wanarudishwa wodini kwa sababu hiyo. D-dimer, kipimo cha mabaki ya damu iliyoganda, ikiwa chini inakupunguzia wasiwasi, ikiwa juu haikuambii kitu maana inapanda kwa kila kitu.

Kinachofanyiwa utafiti sana ni protini moja ya I-FABP, inakaa kwenye zile seli za ncha alizosema Panya_Mweupe, kwa hiyo ncha ikifa inamwagika kwenye damu mapema hata kwenye mkojo inaonekana. Nzuri kwenye karatasi, ila bado sio kipimo ambacho daktari wa zamu anaagiza anapata majibu muda huo huo. Kwa sasa ni CT skani yenye dawa ya mishipa, kwa mikono mizuri inakamata zaidi ya wagonjwa 9 kwa 10, na usikae kusubiri majibu ya figo kwa kuogopa ile dawa itazidhuru, kama tumbo linakutisha. Alama kubwa ni ile ile ya miaka yote, mtu analia maumivu makali mno na wewe ukimbonyeza tumbo ni laini.

Bi_Zamu

Samahanini naingilia, mimi ni nesi wa ICU, wodi ya mahututi. Mnaongelea bonge tu, mnasahau kundi lingine ambalo mshipa haujaziba popote ila utumbo unakufa vile vile. Wapo kama mmoja kwa kila watano kwenye vitabu. Mgonjwa presha imeshuka, moyo umechoka, tumemuwekea dawa za kukaza mishipa ili ubongo na figo vipate damu, na mwili unachagua kuunyima utumbo. Huyo yuko kwenye usingizi wa dawa, hasemi tumbo linauma. Tunachoona sisi ni kwamba chakula cha mpira wa puani kinarudi, tumbo linavimba kidogo kidogo, dozi ya dawa ya presha inaongezwa kila zamu, na ukimwambia dokta anasema tuangalie kwanza. Kama kuna utafiti unataka kufanya kaka, fanya huo, kwa sababu hawa tayari wako mbele yetu masaa yote na ungeweza hata kuwapa dawa mapema kabla.

Na wale wa kuziba taratibu msiwaache. Wazee, wengi wao akina mama tena wavutaji sigara, kila wakila baada ya nusu saa hivi tumbo linabana, basi wanaanza kukiogopa chakula, wanapungua kilo, familia inawaza kansa, wanapitishwa kamera juu na chini na haionekani kitu. Dunphy alishaandika tangu 1936, aliangalia wagonjwa 12 waliokufa kwa utumbo kuoza, 7 kati yao walikuwa wameshalalamika maumivu ya kuja na kuondoka kabla. Walikuwa wanasema!

Panya_Mweupe

Bi Zamu umenena, hao wa ICU ndo watu pekee ambao "dawa kabla" ina maana.

Mdadisi nikuongezee uchokozi mmoja uende nao kwa supavaiza. Mwaka 2002 Stappenbeck, Hooper na Gordon walichukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja tumboni, wakakuta mtandao wa kapilari ndani ya vile vijidole umekwama haujakamilika. Wakawapa bakteria wa kawaida wa utumbo, ndani ya siku 10 mtandao ukajijenga, hata kwa aina moja tu ya bakteria ilitosha. Kwa hiyo ukinunua panya kutoka sehemu mbili tofauti zenye bakteria tofauti, unalinganisha mishipa isiyofanana na wala hujui.

Mdadisi_Tumbo

Hilo sikulijua kabisa. Basi naona proposal inageuka, nabana dakika 45, dawa naitoa wakati wa kuachia na sio kabla, na kundi jingine nachelewesha zaidi nione inaacha kufanya kazi lini. Panya wote sehemu moja. Kuna nilichosahau?

Panya_Mweupe

Kundi la panya waliochanwa tumbo bila kubanwa mshipa. Na atakayesoma vipande kwenye hadubini asijue kipi kimetoka kundi gani, hasa kama atakayesoma ni wewe mwenyewe.