Majibu ya vipimo vya mama yanaingia kwenye simu yangu. Nimeona nisichoambiwa, na mdogo wangu anataka neno la siri

BintiRangiTatu
Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri, utani wekeni pembeni kwa leo.

Bi mkubwa ana miaka 63, anakaa Mbagala Rangi Tatu, mimi nipo Kimara. Ana kisukari na presha, mwaka wa tisa huu. Anatibiwa hospitali moja binafsi hapa mjini, jina naliacha. Mwaka jana walileta akaunti ya mgonjwa mtandaoni: unaingia kwa simu, unaona majibu ya maabara, dawa alizoandikiwa, tarehe za kliniki, na ukitaka kusogeza miadi unasogeza hapo hapo. Mama anatumia kiswaswadu, kwa hiyo dada wa mapokezi akaandika namba yangu, tukaondoka.

Imetusaidia, sitaki kuwa mwongo. Zamani kufuata karatasi ya majibu tu ilikuwa siku nzima. Anatoka nyumbani alfajiri, anakaa foleni, halafu anaambiwa "mfumo upo chini mama, njoo kesho". Sasa hivi kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu nilikiona kimeshuka kutoka 9.4 mpaka 7.8 nikiwa nimesimama kituoni Kimara nasubiri mwendokasi. Nilicheka peke yangu, watu wakaniangalia.

Balaa limeanza Alhamisi. Saa nne usiku meseji imeingia, majibu tayari. Nafungua nakuta kreatinini 118, imewekwa rangi nyekundu na herufi H pembeni. Sikujua hata ni mdudu gani. Nikatafuta mtandaoni, ukurasa wa tatu nishafika kwenye figo kufeli na kusafishwa damu kwa mashine. Nikampigia mama saa tano usiku, nikamwamsha. Asubuhi presha yake ilisoma 178/100. Hilo najua ni kosa langu.

La pili. Wakati natafuta majibu ya nyuma nilinganishe, nimepita kwenye orodha ya mahudhurio. Kuna kliniki nyingine kabisa mama ameenda mara mbili, Februari na Machi. Siku hizo mimi aliniambia anaenda kwenye kikoba. Sitaandika hapa ni kliniki gani.

La tatu, mdogo wangu wa kiume yuko Marekani na bili kubwa analipa yeye. Anataka neno la siri. Anasema mwenye kutoa hela lazima aone zinakwenda wapi. Nikimpa, na ile kliniki ataiona.

Nimwambie mama kwamba nimeona, au nijifanye kipofu? Na huyu wa Marekani nimjibu nini?

MzeeWaPugu
Ndiyo maana mimi sitoki kwenye daftari. Limefunikwa gazeti, linakaa kabatini, halitumi meseji saa nne usiku.

Chapati_Mbili
Mzee Pugu daftari lako likilowa mvua ya masika historia yote imekwenda na maji 😂

DaktariWaZamu
Dada pole. Niko kazini, naandika kwa kukatakata.

Hiyo H ina maana moja tu: namba imepita kiwango cha juu cha maabara hiyo. Haisemi ugonjwa. Kreatinini ni taka ya mwili ambayo figo huchuja kutoka kwenye damu, na inapanda hata mtu akiwa hajanywa maji ya kutosha, au akitapika na kuharisha. Ili tuseme figo zina ugonjwa wa kudumu tunahitaji kuona tatizo limeendelea kwa zaidi ya miezi mitatu, na tunaangalia pia kama protini inapita kwenye mkojo. Sasa hapa ndipo hiyo akaunti inapolipa: rudi nyuma uandike kreatinini zake zote na tarehe. Mfululizo unaniambia mengi kuliko namba moja nyekundu.

Swali. Mama anaumwa magoti au mgongo? Anameza nini? Akaunti inaonyesha dawa alizoandikiwa pale hospitali, haioni anazonunua duka la dawa la mtaani. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kwa mtu mwenye kisukari na presha zinaweza kuumiza figo taratibu.

Asiache dawa ya sukari (metformini) wala ya presha kwa sababu ya ulichosoma mtandaoni. Mpeleke kliniki wiki hii, usisubiri tarehe yake. Dozi ya metformini huwa tunaiangalia upya figo zikishuka, lakini hiyo ni kazi ya daktari wake.

TibaAsili_Original
Figo ni jambo dogo. Kuna mizizi nachemsha, siku saba tu. Njoo inbox.

DaktariWaZamu
Dada, usiende inbox.

BintiRangiTatu
Asante daktari. Nimeandika: mwaka jana Agosti 88, Januari 97, sasa 118. Magoti ndiyo, analalamika kila siku. Ngoja nikamwulize kuhusu dawa.

MtuWaOhio
Niko huku huku alipo mdogo wako. Mwambie mambo mawili.

Moja, huku kushtuka na majibu usiku ni jambo la kawaida sasa. Tangu Aprili 2021 kanuni za serikali haziruhusu hospitali kukalia majibu bila sababu, kwa hiyo maabara ikimaliza tu, mgonjwa anaona, mara nyingi kabla ya daktari. Mimi nilijiwekea utaratibu: tahadhari za meseji nimezizima, nafungua asubuhi saa ambayo naweza kumpigia mtu.

Mbili, hapa MyChart, akaunti ya mgonjwa mtandaoni kama hiyo yenu, ina kitu cha ruhusa ya mwangalizi. Mgonjwa mwenyewe anamteua mtu, huyo mtu anaingia kwa neno la siri lake, na ruhusa inaweza kuondolewa. Kulipa bili hakukufanyi uwe na haki ya kusoma faili la mzazi. Dogo anajua hilo, asijifanye mgeni. Huko kwenu ulizeni kama upo mpango wa hivyo.

Dirisha_Namba4
Nafanya kazi mapokezi, si hospitali yenu. Mwenzangu aliteleza. Alitakiwa kumwuliza mama, tena akiwa peke yake: "Mama, meseji ziende kwa nani?" Tukiwa na foleni ya watu themanini tunaandika namba ya aliyesimama karibu na dirisha, nakiri.

Namba inabadilishwa. Mama aende na kitambulisho chake, dakika kumi. Na kisheria taarifa za afya ni taarifa nyeti, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwenye taarifa ni yeye, si mtoto mkubwa.

Halafu mkifika kliniki ombeni wawachapie majibu. Mkipewa rufaa kwenda Muhimbili, yule daktari mpya hataiona hiyo akaunti yenu. Mzee wa Pugu kwenye daftari ana hoja.

MzeeWaPugu
Ahsante sana. Wajukuu hawanisikii.

MamaZai_Tandika
Mwanangu, mimi ndiye huyo mama. Umri huo huo, sukari hiyo hiyo, na simu yangu ameshika binti yangu.

Nilipata uvimbe mwaka juzi. Nilikwenda mwenyewe, nikapimwa, nikasubiri majibu wiki tatu, sikusema kwa mtu. Si kwamba siwapendi wanangu. Nilitaka wiki tatu za kuwa mtu mzima kabla sijawa mgonjwa wa familia, kila mtu ananiuliza nimekula nini. Majibu yalitoka salama na mpaka leo hawajui. Sasa wajue, kama wanasoma humu.

Usimwambie "nimeona umekwenda mahali fulani". Utamvua nguo. Mwambie hivi: "Mama, kule hospitali waliandika namba yangu, kila kitu chako kinakuja kwangu, vipimo, dawa na kliniki zote. Unataka tuendelee hivyo?" Halafu nyamaza. Ni mtu mzima, ataelewa umeona nini. Akitaka kusema atasema.

Na usimpigie mtu mwenye presha saa tano usiku, jamani.

Chapati_Mbili
Mama Zai umetisha. Mleta uzi, tunasubiri mrejesho.

BintiRangiTatu
Wakuu, mrejesho, wiki tatu baadaye.

Dawa za maumivu: nimekuta paketi mbili za diklofenaki kwenye kikapu cha ushonaji, chini ya vitambaa. Alikuwa ananunua pale kona kwa ajili ya magoti, karibu kila siku, tangu mwisho wa mwaka. Daktari wake amezikataza, amempa ya kupaka na parasetamoli, metformini ameipunguza kwa sasa. Baada ya wiki mbili wamerudia kipimo: 99. Mkojo umepimwa, protini kidogo ipo, wataendelea kufuatilia. DaktariWaZamu Mungu akubariki.

Mdogo wangu amenuna siku nne. Tumekubaliana anapata risiti, na majibu ya sukari na figo mama akiruhusu nimtumie picha. Basi.

Mama nilimwambia maneno ya Mama Zai kama yalivyo. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua muda mrefu, nikaanza kujuta. Mwisho akasema, "Namba yako waitoe, waweke yangu." Jumatatu tukaenda, ikabadilishwa. Ile kliniki hajaigusia, nami sijauliza.

Kwa hiyo sasa nikitaka kuingia, zile namba sita za uhakiki zinaingia kwenye kiswaswadu chake. Jana nimempigia anisomee. Akaniuliza, "Unataka kuangalia nini?" Nikamwambia tarehe ya kliniki ya macho tu. Akasema, "Subiri nivae miwani."